Kwa nini jiwe la chokaa linabaki na kiini kigumu

Swali la msomaji wa Boko, Dar es Salaam: "Tunachoma mawe ya chokaa kwa kuni. Tunayapanga juu ya magogo, makubwa na madogo pamoja, na moto unawaka mchana mmoja na usiku wake. Tukiyamwagia maji, makubwa yanabaki na kiini kigumu. Tulipoongeza kuni maradufu viini vilipungua, lakini mawe madogo yakatoka ya kijivu, yamesinyaa, na hayapasuki majini. Na lipu tuliyopiga kwa chokaa hiyo mwezi uliopita imeanza kutoa vishimo. Je, moto wetu ni mdogo au ni mkubwa?"

Ndugu yangu, moto wenu ulikuwa mdogo kwa mawe makubwa na mkubwa kwa mawe madogo, usiku uleule, kwenye rundo lilelile. Mkiongeza kuni mnaihamisha hasara tu, inatoka kwenye mawe makubwa na kuangukia madogo. Kazi inaanzia kwenye nyundo kabla ya kufika kwenye kuni: pasueni mawe yalingane, kisha muyape hewa na muda. Nitaeleza sababu kwa urefu, maana ukishaielewa utaweza kulirekebisha tanuri lako bila kubahatisha.

Jiwe la chokaa, liwe la machimbo ya Wazo au tumbawe la kale lililofukiwa ardhini huko kwenu na Kunduchi, sehemu yake kubwa ni kalsiamu kabonati. Hewa ya ukaa imefungwa humo kama sehemu ya jiwe lenyewe. Moto unaifungua: CaCO3 inaachana ikawa CaO, yaani chokaa isiyozimwa, na CO2 inayotoka. Kwa uzito, kilo 100 za jiwe safi na kavu huacha kilo 56 za chokaa, na kilo 44 zinaondoka hewani. Wengi hudhani jiwe limekuwa jepesi kwa sababu maji yamekauka. Mkemia wa Scotland, Joseph Black, alionyesha kwa mizani katika miaka ya 1750 kwamba kinachopotea ni hewa. Kabla yake iliaminika kuwa ukali wa chokaa ni kitu cha moto kilichoingia ndani ya jiwe. Kumbe moto hauingizi kitu humo, unatoa, na chochote kinachotoka kinahitaji njia.

Hewa hiyo hutoka kwa joto gani? Jibu la vitabuni ni nyuzi 900 hivi za Selsiasi. Hapo ndipo msukumo wa hewa ya ukaa kutoka kwenye jiwe unapolingana na mgandamizo wa hewa ya kawaida, ikaweza kujisukuma nje yenyewe. Chini ya hapo bado inaweza kutoka, iwapo hewa iliyolizunguka jiwe haina ukaa mwingi. Tanurini, ambamo robo ya moshi inaweza kuwa hewa ya ukaa, uso wa jiwe huanza kuachia kwenye nyuzi 810 hivi. Upepo safi ukipita, joto hilo linashuka zaidi. Lakini katikati ya jiwe hakuna upepo. Hewa iliyofunguka kule ndani imezungukwa na hewa ya ukaa tupu, kwa hiyo kiini hakiachii mpaka kifike nyuzi 900. Ndiyo maana jiwe linaweza kuiva nje na kubaki bichi ndani hata moto ukiwa unaonekana mkali.

Tena mwachano huu unakula joto jingi sana. Kilo 1 ya jiwe inahitaji takriban kilojuli 1,780 kwa ajili ya kuachana tu, mbali na joto la kuipasha. Kiasi hicho kingetokosha zaidi ya lita 5 za maji ya bomba. Na kama maji yanayotokota sufuriani yasivyopanda juu ya nyuzi 100 hata ukizidisha moto, ndivyo mpaka kati ya sehemu iliyoiva na mbichi unavyokaa karibu na nyuzi 900 hadi hewa ya hapo iishe. Mpaka huo unasogea kuelekea katikati polepole, maana joto lazima lipenye kwanza ganda la chokaa lililokwisha kuiva, na ganda hilo lina vitundu vingi vinavyozuia joto kupita. Jiwe linapoendelea kuiva linajivisha koti.

Hapa ndipo ukubwa wa jiwe unapoamua kila kitu. Muda wa kuiva haukui sambamba na upana wa jiwe, unakua kwa mraba wake. Tuchukue jiwe lenye upana wa sentimita 5 ambalo uso wake unakaa kwenye nyuzi 1,000: hesabu inatoa takriban saa 2. La sentimita 10, saa 8. La sentimita 20, ambalo mafundi wengi huliona la kawaida, saa 32. Huo ni mchana, usiku na mchana wa pili, na uso wote huo uwe kwenye nyuzi 1,000 bila kushuka. Moto wenu wa mchana mmoja na usiku wake hauwezi kulimaliza, hasa ikizingatiwa kwamba saa za mwanzo zinaliwa na kukausha na kupasha, na saa za mwisho moto umeshalala.

Joto la uso nalo lina uzito wake. Kinachosukuma moto kwenda ndani ni tofauti kati ya uso na ule mpaka wa nyuzi 900. Uso ukiwa 1,000, tofauti ni nyuzi 100. Ukiwa 950 ni 50, na muda unazidi mara mbili. Ukiwa 1,100 muda unapungua nusu, na hapo fundi anashawishika kuzidisha moto. Lakini kwenye joto kubwa chembe za chokaa zilizokwisha kuiva zinaanza kushikana. Vile vitundu vilivyoachwa na hewa ya ukaa vinazibika, jiwe linasinyaa, linakuwa zito na gumu. Maji yakimwagwa hayapati pa kuingilia. Hali hiyo inazidi kadiri joto linavyopanda na kadiri jiwe linavyokaa motoni baada ya kuiva, na ukipita nyuzi 1,200 chokaa inakuwa kama imekufa. Mawe yenu madogo yaliiva mapema, kisha yakakaa saa nyingi mahali pa moto mkali yakisubiri makubwa.

Rangi ya kijivu inaongeza jambo la pili. Udongo mwekundu uliojaa kwenye matundu ya tumbawe, pamoja na majivu ya kuni, una silika na alumina. Vikikutana na chokaa kwenye joto kubwa vinaungana nayo na kutengeneza ngozi ngumu, wakati mwingine yenye kung'aa kama kigae. Kiwanda cha saruji kinautaka muungano huo, kwenye nyuzi 1,450 hivi, lakini kwako ni hasara. Kwa hiyo osheni mawe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, au yaacheni yapigwe na mvua ya masika moja, kisha yakausheni kabla ya kuyachoma. Kwa mawe ya karibu na pwani kuosha kunaondoa pia chumvi ya bahari, ambayo ikibaki hutoa ukungu mweupe ukutani na kuozesha nondo.

Niseme na hili mapema: tumbawe ninalozungumzia ni la nchi kavu. Tumbawe lililo hai baharini sheria inakataza kulivunja, na visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi tangu 1975. Mikoko nayo isiguswe kwa kuni. Samaki wa Kunduchi wanazaliwa na kukulia kwenye vitu hivyo viwili.

Sasa kazi yenyewe. Pasua mawe yawe kati ya sentimita 5 na 8, yaani kama ngumi ya mtoto hadi ya mtu mzima. Chekecha uondoe kila kilicho chini ya sentimita 3. Msivihurumie vijiwe hivyo mkavirudisha ili kujaza nafasi, kwa sababu vinaziba mianya, na mianya kati ya mawe ndiyo bomba la moto linaloingia na la hewa ya ukaa inayotoka. Kilo 100 za mawe zinatoa hewa ya ukaa ya kujaza karibu mita 24 za ujazo ikiwa imepoa, na ikiwa kwenye nyuzi 900 ni mara nne ya hapo. Hewa yote hiyo isipopata njia inakaa juu ya mawe na kuzuia iliyobaki isitoke. Mbaya zaidi, mwachano huu unarudi nyuma. Moto ukishuka hadi nyuzi 700 huku hewa ya ukaa imejaa tanurini, chokaa iliyoiva inaanza kuinyonya tena na kuwa jiwe upya kwenye uso wake. Kwa hiyo moto unapokwisha usifunike tanuri kwa udongo kama mchoma mkaa. Acha hewa ipite kuanzia chini mpaka mawe yapoe.

Rundo la wazi juu ya magogo ni la kale na limejenga mji baada ya mji, kuanzia Kilwa Kisiwani hadi msikiti ambao magofu yake bado yamesimama Kunduchi. Udhaifu wake ni kwamba joto jingi linakwenda angani. Kinadharia, kupata tani 1 ya chokaa kunahitaji megajuli 3,200 hivi za mwachano, sawa na kilo 210 za kuni kavu. Rundo la wazi likitumia vizuri sehemu moja tu katika kumi ya moto wake, ni zaidi ya tani 2 za kuni. Gharama yenu iko hapo.

Tanuri la wima ni bora kwa mbali. Jengeni mnara wa duara wenye upana wa ndani wa mita 1 na kimo cha mita 3 hadi 4, ukiwa na milango mitatu au minne ya chini ya kuingizia hewa na kutolea chokaa. Ukuta wa ndani uwe wa matofali ya kuhimili moto. Udongo mweupe wa Pugu, kaolini, unafaa kuyatengeneza. Ukuta wa nje uwe wa matofali ya kawaida, na kati ya kuta hizo acheni nafasi ya sentimita 10 iliyojazwa majivu makavu, maana majivu yanazuia joto lisipite. Msijenge kwa saruji upande wa ndani, wala msitumie mawe ya chokaa kujengea, kwa sababu ukuta wenyewe utageuka chokaa na mvua ya kwanza itauangusha.

Chini kabisa pangeni kuni kavu za kuwashia. Juu yake wekeni tabaka la mkaa wa vifuu, kisha tabaka la mawe, na kuendelea hivyo. Kilo 200 za mawe kwenye mnara huo zinatoa tabaka la sentimita 20 hivi. Anzeni na kilo 20 za mkaa kwa kila kilo 100 za mawe, kwa sababu kuta ni baridi. Tanuri likishashika moto, punguzeni kidogo kidogo kuelekea kilo 15 mkiangalia matokeo. Nasema vifuu kwa sababu vinapatikana pwani yote bila kukata mti, na mkaa wake ni mzito, unawaka kwa utulivu. Chokaa iliyoiva inashuka chini na kupoa kwa hewa inayoingia, hewa hiyo inapanda ikiwa tayari imepashwa, na moto unakaa katikati ya mnara. Mkitoa chini, mnajaza juu. Moto ukianza kuonekana juu ya mnara, mnatoa polepole mno au hewa imezidi. Ukishuka hadi milangoni, mnatoa haraka mno.

Kuni mbichi zina madhara kuliko mawe mabichi. Maji yaliyo kwenye kuni yanapoza ulimi wa moto wenyewe, na moto wenye nyuzi 850 hautaivisha kiini hata ukiwaka wiki nzima. Hapa ndipo watu wanapodanganyika: wanaona moto mwingi, wanahesabu kuni nyingi, lakini joto halijavuka ule mstari wa 900.

Kulipima joto hilo bila mashine inawezekana. Jiwe likiangaliwa usiku kwa rangi nyekundu ya damu ya mzee liko chini ya 700, jekundu linalong'aa liko 850 hivi, la rangi ya chungwa liko kati ya 950 na 1,000. Likianza kuwa la manjano mmepita 1,050. Kwa uhakika zaidi, wekeni kwenye vijungu vidogo vya udongo, katikati ya mawe, chumvi ya mezani kijungu kimoja, na kipande kinene cha waya wa shaba kilichofukiwa kwenye unga wa mkaa kijungu cha pili. Chumvi huyeyuka kwenye nyuzi 801 na shaba kwenye 1,085. Chumvi ikiyeyuka na shaba ikabaki nzima, mko kati ya joto hizo mbili, na rangi ya chungwa ndiyo itakayowaambia kwamba mmevuka 900. Kama fedha inaruhusu, kipimajoto cha waya aina ya K kinastahimili joto hili na kitawalipa kwa kuni mtakazookoa.

Lakini kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni mizani. Chagua mawe matano ya ukubwa wa kawaida, yakaushe, yapime, yafunge kwa waya wa chuma ili uyatambue, na yatie sehemu tofauti za tanuri. Yakitoka, yapime yakiwa bado ya moto kiasi, kabla hayajanyonya unyevu wa hewa ya Dar. Tuseme jiwe la gramu 1,000 limetoka na gramu 640. Limepoteza 360, na lingepaswa kupoteza 440, kwa hiyo limeiva asilimia 82. Likipoteza 430 na bado linapasuka kwa kasi majini, msibadilishe chochote. Likipoteza 440 na maji hayalitikisi, limeungua. Mizani peke yake haitakuonyesha kuungua, ndiyo maana vipimo hivi viwili vinakwenda pamoja.

Kuzima kuna kemia yake. Kilo 1 ya chokaa isiyozimwa inahitaji gramu 320 tu za maji ili iwe chokaa iliyozimwa, lakini inatoa joto la kilojuli 1,160 hivi. Joto hilo linaweza kupandisha lita 3 za maji ya bomba karibu hadi kutokota. Ndiyo maana sehemu ya maji inaruka kama mvuke, na ukitaka unga mkavu unatumia gramu 500 hadi 700 kwa kilo. Kwa chokaa ya lipu sipendekezi unga. Tumia lita 3 kwa kilo, upate uji mzito. Tia maji kwanza, kisha chokaa kidogo kidogo ukikoroga. Maji machache yakimwagwa juu ya lundo la chokaa, joto linapita 100, chembe zinaungua na zinatoka kama mchanga. Maji mengi baridi yakimwagwa kwa mkupuo juu ya chokaa isiyo kali, chembe zinajifunika ngozi na zinalala. Tumia pipa la chuma au karo la kujengea. Sufuria ya alumini usiiguse kabisa, kwa sababu chokaa inaila na kutoa hewa ya hidrojeni inayoshika moto.

Macho ndiyo yanayopotea katika kazi hii. Miwani iliyofunga pembeni na glavu za mpira ni lazima kwa kila aliye karibu na karo. Chembe ikiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka dakika 20 au zaidi, ukiinua kope kutoa punje, kisha hospitali mara moja. Usitie siki wala ndimu. Na mtu asilale karibu na tanuri kufuata joto, wala kuingia kwenye shimo lililo chini yake. Hewa ya ukaa ikipoa ni nzito kuliko hewa ya kawaida na inatulia chini bila harufu, na mkaa unaongeza gesi ya sumu ya kaboni monoksidi.

Nikirudi kwenye lipu yenu: vile vishimo vimetokana na chembe zilizoungua ambazo hazikuzimika pamoja na wenzake. Zilikaa kimya kwenye karo, zikapigwa ukutani, kisha zikanyonya unyevu kwa wiki kadhaa. Chokaa inapozimika inakaribia kujaza nafasi mara mbili ya ile iliyokuwa nayo, na ukuta hauna pa kuipisha, kwa hiyo inasukuma lipu nje. Kama mawe yenu yana magnesiamu tatizo linazidi, kwa sababu kabonati ya magnesiamu huachana kwenye joto dogo zaidi, na kalsiamu inapoiva, magnesiamu imeshaungua.

Kinga ni mbili. Pitisha uji wa chokaa kwenye wavu wa matundu ya milimita 2 hadi 3 mara unapomaliza kuzima. Viini vibichi vitabaki juu. Virudisheni tanurini mkivikausha kwanza. Kisha ilazeni chokaa shimoni chini ya vidole vinne vya maji, wiki tatu kwa uchache, miezi mitatu ikiwezekana, ili kila chembe mvivu ipate muda wa kuzimika kabla ya kufika ukutani. Chokaa iliyolala inakuwa laini kama mtindi na fundi ataiona tofauti yake kwenye mwiko.

Ukuta uliokwisha kupigwa msiuzibe sasa. Ulowesheni kwa maji asubuhi na jioni kwa wiki mbili ili chembe zilizobaki zitoke mapema. Kila kishimo kikifunguka, chokoeni punje iliyo chini yake hadi iishe yote, kwa sababu ikibaki nusu itasukuma tena. Ikipita wiki moja bila kishimo kipya, zibeni kwa chokaa iliyolala na mchanga mwembamba wa mto, na mpake rangi baada ya hapo.